Mume anataka mbwa abaki kulinda nyumba, mtoto anasema bila Tomi haendi Marangu

BARUA

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi na mume wangu Kinyerezi, Dar es Salaam. Najua wengine wataliona jambo langu dogo, lakini ndani ya nyumba yangu si dogo. Imefika mahali tunakula mezani kimya.

Mume wangu ni mtu wa Marangu, na kama ujuavyo, Desemba lazima tupande nyumbani. Mwaka huu tunaondoka tarehe 20 na tutarudi baada ya mwaka mpya. Tuna wanyama wawili: paka wetu Pusi, na mbwa anayeitwa Tomi, chotara wa Jemani shepadi na mbwa wa kienyeji, mkubwa lakini mpole. Pusi hana shida, jirani yetu Mama Zuwena amejitolea kumlisha. Tomi ndiye aliyetugawa.

Mwaka jana tulimwacha na kijana tuliyemtafutia kazi ya kulala pale na kumlisha. Tulimlipa nusu, nusu nyingine apewe tukirudi. Tulipofika tulikuta geti limefungwa kwa nje na kijana hayupo. Tomi alikuwa amefungwa mnyororo kwenye mpapai, sufuria yake ya maji imepinduka, na mnyororo ulikuwa umemla shingo mpaka kidonda kinanuka. Majirani walituambia kijana aliondoka mkesha wa Krismasi akafunga na geti. Mama Zuwena alikuwa akimrushia mabaki ya wali juu ya ukuta na kuingiza mpira wa maji chini ya geti. Bila yeye tungekuta mzoga. Daktari wa mifugo alikuja kukisafisha kile kidonda mpaka Januari ikaisha.

Mwanangu wa kati, nimwite Baraka, ana miaka 9 na ana kigugumizi. Shuleni hasomi kwa sauti, anakataa kabisa. Lakini jioni anakaa na Tomi kwenye ngazi za nyuma na kitabu chake, anamsomea ukurasa mzima bila kukwama. Mimi huwa nasikiliza nikiwa jikoni, naogopa hata kugonganisha vyombo. Siku ile tuliyomkuta Tomi vile, Baraka alilia mpaka akatapika. Nikamwambia, "Baba, Tomi hatutamwacha tena." Neno hilo amelishika.

Sasa mume wangu anasema mbwa ni mlinzi, na Desemba ndio mwezi wa wezi, kwa hiyo mlinzi hawezi kwenda likizo. Tena gari letu ni Noah, tutakuwa saba na wifi yangu na dada wa kazi, kuna mchele, mafuta, sukari na zawadi za ukoo. Mama mkwe kwa simu alisema, "Mbwa wa mjini sitaki hapa." Nilipozidi kumsihi mume wangu akaja na njia mbili: kumpakia Tomi kwenye buti la basi, maana anafahamiana na kondakta mmoja, au kumfunga nyuma ya pikapu ya shemeji ambaye naye anapanda siku hiyo hiyo. Mdogo wangu wa kiume yuko chuo hapa Dar na haendi popote sikukuu, amesema atakuja kulala. Mume wangu amekataa, anasema hataki nyumba yake igeuzwe kijiwe.

Wakati wa kurudi tumepanga kuwapitisha watoto Hifadhi ya Mkomazi wakaone vifaru. Wale wawili wanaisubiri kwa hamu. Baraka yeye anasema atabaki na Tomi, sisi twende tu. Aliwahi kuniambia mwaka jana binamu zake walikuwa wakimwigiza anavyoongea, lakini nadhani hayo yameshapita.

Nikimwacha Tomi nimevunja neno langu kwa mtoto. Nikimchukua nimempuuza mume na mama mkwe kwa mpigo. Kwenye kadi ya Tomi chanjo ya mwisho ni ya Februari mwaka jana. Zimebaki wiki saba. Nishauri, Mama, niko njia panda.

Mama Baraka, Kinyerezi

JIBU

Marahaba mwanangu,

Nimeisoma barua yako, na nilipofika kwenye ule mnyororo na mpapai ilibidi niiweke chini kwanza. Mbwa aliyefungwa hawezi kwenda kwa jirani kuomba maji. Una kila sababu ya kuogopa isijirudie, na sitakuambia kwamba ni mbwa tu.

Nilivyokuelewa mimi, umebanwa pande zote. Kuna mtoto aliyepewa ahadi, mume anayeiwazia nyumba, mama mkwe aliyekwisha sema hapana, na mnyama ambaye hawezi kujisemea. Umeniuliza Tomi aende au abaki, na umeliweka swali kana kwamba kumchukua ndiko kumpenda na kumwacha ndiko kumtesa. Naomba tulishike hapo kwanza, maana naona mbwa anaweza kuteseka njiani vibaya kuliko alivyoteseka nyumbani, na anaweza kubaki nyumbani akawa salama kabisa. Kilichomwangusha Tomi mwaka jana ni kwamba uhai wake ulikuwa mikononi mwa mtu mmoja, na mtu huyo alipoondoka hapakuwa na wa pili wa kujua. Akibaki Kinyerezi au akifika Marangu, swali la kujiuliza ni lile lile: nani hasa amekubali kumwangalia, na huyo akishindwa nani atajua siku hiyo hiyo?

Kuhusu mumeo, mimi nimemsoma tofauti kidogo na wewe. Mtu asiyejali hahangaiki kumtafuta kondakta wala kuongea na mwenye pikapu. Naona anaogopa kurudi akute dirisha limevunjwa, na hofu hiyo Desemba ni ya kweli, kila mtaa Dar unaijua. Lakini keti naye muulize kwa upole: mwaka jana Tomi alilinda nini? Mbwa wa mnyororo, mwenye njaa, geti limefungwa kwa nje, hawezi kumzuia mtu. Na mbwa mwenye njaa hula chochote kinachorushwa juu ya ukuta. Ule wali wa Mama Zuwena ulikuwa wa huruma, lakini wezi nao wanarusha nyama, na nyama yao ina sumu. Kwa hiyo hata kwa hesabu za mumeo mwenyewe, nyumba ile inahitaji mtu ndani. Hapo mnakutana nyinyi wawili, na sidhani kama mmewahi kuliangalia jambo kwa upande huo.

Njia zake mbili za usafiri nitazisemea waziwazi, kwa sababu hapo ni suala la uhai. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Anajipoza kwa kuhema, na kuhema hakumsaidii sana hewa anayovuta ikiwa ya moto na yenye unyevu. Joto lake la kawaida ni nyuzijoto 38 hadi 39. Likipita 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika na mnyama anaweza kufa ndani ya muda mfupi. Sasa fikiria buti la basi: giza, mabegi yamembana, bati linapigwa jua, moshi wa injini uko karibu, na hakuna anayemsikia akilia. Hata gari dogo lililoegeshwa juani, nje kukiwa na nyuzijoto 24 tu, ndani hufika zaidi ya 40 kwa nusu saa, na kushusha kioo kidogo hakubadilishi kitu. Dar Desemba tunaanzia 30. Kutoka Dar hadi Marangu ni zaidi ya kilomita 500, mchana kutwa kwa basi, na maeneo ya Mombo na Same yana joto lake. Pikapu nayo ina hatari zake. Bati la nyuma linaunguza nyayo, na kamba ikiwa ndefu ataruka anyongwe nayo, ikiwa fupi hawezi kujikinga na jua wala kujishikilia kwenye kona. Pale Korogwe watu wakilizunguka gari na machungwa, mbwa aliyeingiwa na hofu hatakumbuka kwamba amefungwa. Tanzania tangu 2008 tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama inayomtaka mwenye mnyama amkinge na mateso. Sikutajii ili ukamtishe nayo mumeo. Ninachosema ni kwamba woga wako una msingi.

Je, ndani ya Noah? Inawezekana, ila muihesabu safari nzima. Yule kondakta abebeshwe mchele, mafuta na sukari siku moja kabla, vitu hivyo havihitaji hewa. Nafasi ya nyuma ikipatikana, Tomi akae humo kwa mkanda wa kifuani uliofungwa mahali imara, au kwenye kizimba anachoweza kusimama na kugeuka. Asiachwe huru, kwa sababu breki moja ya ghafla mbwa wa ukubwa wake anaruka mpaka kwa watoto. Kichwa kisitoke dirishani. Mkitoka saa kumi alfajiri, jua kali litawakuta mmeshapita Korogwe. Chakula cha mwisho apewe jioni ya kuamkia safari, asubuhi maji tu, na kila mnaposimama apewe maji kivulini. Kamba ishikwe kabla mlango haujafunguliwa, na iwe mkononi mwa mtu mzima mmoja mliyemchagua tangu nyumbani. Mkisema kila mtu atamwangalia, hakuna atakayemwangalia. Anzeni kumzoesha sasa, siku moja mpaka Kimara, wiki ijayo mpaka Kibaha. Akitapika au akitetemeka njia nzima, mtajua mapema kabla hamjaahidiana lolote. Dawa ya kumtuliza aitoe daktari wa mifugo peke yake. Msimpe Panadol wala vidonge vyenu vya usingizi, hata kwa nia njema.

Shingoni avae kola laini yenye namba zenu mbili za simu, hata kama ni za kuandikwa kwa kalamu isiyofutika. Mbwa aliyezoea ukuta wa Kinyerezi akishushwa kwenye kihamba, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, kisicho na uzio, usiku wa kwanza anaweza kuondoka akitafuta nyumbani, na migombani humwoni hata akiwa hatua kumi tu kutoka ulipo.

Mkomazi nayo mkumbuke. Hifadhi za taifa haziruhusu mbwa. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, ambao mbwa wa nyumbani huubeba, uliua simba wapatao 1,000 kule Serengeti, karibu theluthi ya simba wote wa pale. Kwa hiyo Tomi akiwemo garini, mmoja wenu atabaki naye kivulini nje ya lango wakati wengine wanaangalia vifaru, au Mkomazi iahirishwe. Kumfungia garini pale langoni mchana ni lile joto tulilozungumza. Zungumzeni na wale watoto wengine wawili sasa hivi, wasije wakamchukia Tomi na ndugu yao siku ya safari.

Mama mkwe amesema hapana, na ni nyumba yake. Lakini je, kuna aliyemuuliza hapana yake inatoka wapi? Umeniandikia maneno yake, hukuniandikia sababu. Huenda ni kuku wake. Huenda ni kichaa cha mbwa, na mtu wa umri wake aliyewahi kuona mgonjwa wa kichaa akifa hamsahau maisha yake yote. Ugonjwa huo dalili zikishatokea karibu hakuna anayepona, awe mtu au mbwa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani na washirika wake wameweka lengo kwamba ifikapo 2030 asife mtu tena kwa kichaa kinachotokana na mbwa. Kwa sasa chanjo ya Tomi imeshapitwa, kwa hiyo kama hofu yake ni hiyo, bibi wa watu ana haki. Wifi yako mnasafiri naye, ni mtoto wa nyumba ile, anaweza kumwuliza mama yake jambo ambalo wewe ukiuliza litasikika kama mkwe anabishana. Mwombe aulize tu, asimwombee Tomi ruhusa. Jibu likija, mtajua kama kuna la kujadili au halipo.

Hata akikubali, usifikiri mmefika. Mbwa wa kule hawajui Tomi ni mgeni mpole, watamkabili kama mvamizi. Kunaweza kuwa na sumu ya panya, mitego, na siku ya kuchinja mbuzi watu watamrushia matumbo mabichi kwa ukarimu. Utumbo na maini mabichi huwapa mbwa minyoo ambayo mayai yake, yakimwingia binadamu, hutengeneza vifuko vya maji kwenye ini na mapafu. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo hupasuka na kuchoma utumbo. Halafu mkesha wa mwaka mpya kuna fataki, na mbwa wengi hupotea usiku huo, awe Marangu au Kinyerezi. Usiku huo popote alipo awe ndani ya chumba, mlango umefungwa. Na mtu yeyote aking'atwa, na Tomi au na mbwa mwingine, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Msingoje kuona kama litavimba.

Tuje kwenye kubaki. Mdogo wako amejitolea mwenyewe na hana safari, na hilo si jambo la kulipita haraka. Yule kijana wa mwaka jana alifanya ukatili, simtetei, ila naye alikuwa na mama yake wa kumsubiri Krismasi, na alikuwa peke yake na mbwa asiyemjua. Mdogo wako anamjua Tomi? Tomi anamjua yeye? Mumeo aliposema kijiwe, alikuwa anaogopa nini hasa: marafiki, pombe, funguo, au kuna jambo la zamani kati yao ambalo hukuniandikia? Kama ni marafiki na funguo, hayo yana masharti yanayosemeka, na ni vizuri mumeo amwite shemeji yake mwenyewe wazungumze kiume. Masharti yakipita mdomoni mwako yatafika yakiwa na uchungu wa ugomvi wenu. Kama ni jambo la zamani, wiki saba huenda zisitoshe kulimaliza, na hutaki Tomi awe uwanja wa vita hiyo.

Kuna tahadhari moja nitakuwekea kuhusu Mama Zuwena. Nimempenda mama huyu bila kumwona. Kwa jina lake nadhani ni Mwislamu, na kwa Waislamu wengi wa pwani mate ya mbwa ni najisi. Chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Paka hana shida hiyo, na huenda ndiyo maana amejitolea kwa Pusi akanyamaza kwa Tomi. Mwanamke huyu aliokoa mbwa wako bila kumgusa, kwa wali na mpira wa maji. Usimwombe zaidi ya hapo. Mwombe awe jicho lenu: asipomwona mdogo wako asubuhi, awapigie simu. Na mkirudi, mkungu wa ndizi za Marangu uanzie kwake. Pusi nyumbani ndiko kunakomfaa, paka hushikamana na mahali, ila mlango wa stoo uangaliwe asifungiwe humo.

Wapo pia Dar wanaopokea mbwa kwa malipo ya siku, baadhi yao kliniki za mifugo. Ukienda huko nenda na macho yako: angalia kivuli, maji, sakafu, uliza nani analala pale usiku wa Krismasi. Wasiodai kadi ya chanjo waogope, kwa kuwa hawakudai na kwa mbwa wengine. Desemba hujaa mapema, na kwa siku zenu gharama itakuwa kubwa. Huenda ikazidi mafuta ya gari.

Sasa Baraka. Nimemweka mwisho kwa sababu nadhani barua yako ni yake kuliko ilivyo ya Tomi. Umeandika mstari mmoja kwamba binamu zake walimwigiza anavyoongea, ukaongeza kwamba nadhani yameshapita. Kwako yamepita. Mtoto anayesoma bila kukwama mbele ya kiumbe kimoja tu duniani anaambiwa aende wiki mbili mahali anapochekwa, na kiumbe hicho kibaki. Je, una hakika anamwogopea Tomi kuachwa, au anaiogopa Marangu bila Tomi? Yaweza kuwa vyote viwili. Muulize, ila si mezani mbele ya wenzake. Mkiwa mnamwogesha Tomi pamoja, mikono ina kazi na macho hayatazamani, maneno hutoka yenyewe. Akikwama usimmalizie sentensi. Subiri.

Na ikiwa ni binamu, hata Tomi akienda mmebeba ngao tu, chanzo cha maumivu kitabaki kilekile. Hapo yupo mtu mwenye kauli kuliko wewe na mimi. Mumeo ni mtoto wa boma lile, ndugu zake ndio wazazi wa watoto hao. Akiongea nao kabla ya safari, kwamba mwanangu asiigizwe, atakuwa amemlinda Baraka kwa namna ambayo mbwa hawezi. Sijui kama amewahi kuambiwa. Barua yako hainionyeshi kwamba anajua.

Ahadi yako kwake ilikuwa "hatutamwacha tena." Wewe umeibeba kama ahadi ya safari. Mtoto aliyesimama mbele ya kile kidonda huenda alisikia ahadi kwamba Tomi hatateseka tena. Usimwamulie alisikia nini. Muulize: ungejua Tomi analishwa kila siku, hajafungwa, anko anatupigia kila jioni tunamwona kwenye simu, moyo wako ungekuwaje? Na kama bado atasema haendi, usichukulie kwamba ni ukaidi. Ukiona Tomi anabaki, mpe Baraka kazi ya kweli katika maandalizi: apime chakula cha kila siku kwenye mifuko, amfundishe anko wake Tomi hapendi kushikwa wapi baada ya lile jeraha, achague yeye saa ya simu. Ukiona anakwenda, mwambie ukweli kwamba kule kuna hatari na atatakiwa kuzifuata sheria za kamba kama mtu mzima.

Siwezi kukuchagulia, mwanangu, kwa kuwa mimi siishi na majibu hayo na wewe ndiye utakayeishi nayo. Lakini kuna jambo moja halingoji majibu ya mtu. Mpeleke Tomi kwa daktari wa mifugo wiki hii, kinga haijengeki siku moja. Apate chanjo ya kichaa na ya distempa na parvo (ugonjwa wa mbwa wa kutapika na kuhara damu), shingo iangaliwe kama inastahimili kola, apewe dawa ya kupe na minyoo. Chanjo hizo anazihitaji akienda na anazihitaji akibaki. Ukiwa hapo hapo uliza kama mnatakiwa kuwa na barua ya afya au kibali cha ofisi ya mifugo kwa kumvusha mkoa hadi mkoa, isije ikawa habari mpya mbele ya askari barabarani. Ukitoka, mpigie wifi yako. Kisha, kabla ya kumpigia mdogo wako, keti na mumeo umweleze habari ya wale binamu.